Nina wateja wa picha, je, niache kazi niwe mchoraji?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, leo nami nimejikaza niandike. Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike, na kazi yangu ni ukarani wa hesabu. Ila ukiuuliza moyo wangu, utakwambia mimi ni mchoraji.

Nilianza kuchora kabla sijajua kusoma. Nilikuwa naokota kipande cha mkaa nachora watu sakafuni, mama anafuta, kesho yake nachora tena. Nilipoingia shule, walimu waliniita ubaoni niwachoree moyo wa binadamu, mizizi ya mimea na ramani, na wenzangu walinipa madaftari yao niwapambie majalada. Kila aliyeona alisema huyu mtoto ana kipaji, atafika mbali. Lakini nilipomaliza sekondari nikasema nataka kusomea sanaa, wale wale waliokuwa wakinisifu wakanigeuka. Baba ndiye aliyekuwa analipa ada, akaniambia uchoraji ni kitu cha kupitishia muda, si kazi ya kumweka mtu mjini. Nikasomea uhasibu. Miaka mingi ikapita sijashika brashi.

Nilirudia nikiwa kwenye likizo ya uzazi. Mwanangu akilala, namchora. Mwenzangu wa kazini aliona michoro hiyo kwenye simu yangu, akaomba nimchoree wazazi wake. Yeye akamwonyesha mwingine, na mwingine naye akamwambia mwenzake. Sasa haupiti mwezi bila oda. Watu wananitumia picha kwa simu, nami nawachora kwa rangi za mafuta kwenye turubai. Nafanya usiku, chumbani kwetu, mtoto akishalala. Asubuhi naingia kazini macho mekundu.

Mwalimu, nimechoka kuishi maisha mawili. Kuna mwezi oda ziliniingizia fedha karibu sawa na mshahara, nikaandika barua ya kuacha kazi. Mpaka leo iko kwenye droo. Mwezi uliofuata ilikuja oda moja tu, na mteja wake alinitesa. Aliagiza picha kubwa ya marehemu mama yake, nikaihangaikia kwa wiki kadhaa, alipokuja kuichukua akasema haifanani, akaondoka bila kulipa chochote. Picha ninayo, nimeigeuzia uso ukutani. Baba aliposikia alisema, "Si nilikwambia?" Mume wangu hanipingi, ila aliniuliza mwezi usio na oda tutaishije, na sikuwa na la kumjibu.

Naomba unisaidie haya. Je, nimeshachelewa? Mtu asiyesomea anaweza kuwa mchoraji wa kweli? Niache kazi au nisiache? Na bei napanga vipi, maana mpaka sasa namtazama mteja usoni ndipo nataja? Nimekuambatanishia picha tatu: ya bibi mmoja, ya bwana mmoja anayecheka, zote za oda, na ya ndoo. Hiyo ya ndoo nilijifurahisha tu siku moja ya mapumziko, isikushughulishe.

Mchoraji wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu.

Nimezitazama picha zako kabla ya kuyarudia maswali, na nitaanzia hapo, kwa sababu zimenieleza mengi kuliko barua.

Picha ya bibi inafanana naye, sina shaka wajukuu walifurahi. Mkono wako ni mwepesi, uwiano wa uso umekaa sawa, na mashavu umeyapa joto la damu. Lakini tazama macho. Weupe wa jicho umeupaka rangi nyeupe tupu, kama ilivyotoka kwenye tyubu, hadi pembeni kabisa. Jicho ni tufe lililokaa ndani ya shimo, juu yake kuna kivuli cha paji la uso na cha kope. Mkalishe mtu hai mbele yako umtazame vizuri: ule unaouita weupe ni kijivu, mahali pengine unaelekea udongo, mahali pengine buluu. Kitu cheupe kweli ni kile kinukta cha mwanga kilichokaa juu ya mboni. Ukishapaka jicho zima jeupe, kinukta hicho hakina tena pa kung'aria, na bibi wa watu anabaki ameshtuka. Kwa yule bwana anayecheka umefanya vivyo hivyo kwenye meno.

Pua yake nayo imevimba, na hapo mkono wako hauna lawama. Mpiga picha alisogeza simu karibu mno na uso. Ukifanya hivyo, kilicho mbele hukua na masikio hurudi nyuma na kuonekana madogo. Wewe umenakili kwa uaminifu kile simu ilichokosea. Shavu lililo upande wa giza limekuwa jeusi tii, halina kitu ndani, kwa sababu simu haikuona kitu pale. Jicho lako lingeona. Lingeona mwanga uliorudi kutoka kwenye kola ya shati ukaligusa taya kwa chini.

Sasa ile ndoo usiyotaka inishughulishe. Ndoo ya buluu iko mlangoni, jua limeipiga upande mmoja. Umeacha maji yarushe kipande cha mwanga kinachotetemeka kwenye ukuta wa ndani wa ndoo. Kivuli chake sakafuni umekitia buluu kidogo pale karibu na kitako, kisha ukakiacha kigeuke rangi ya udongo kadiri kinavyokwenda mbali, na ukingo wake umeulainisha kidogo kidogo. Mambo hayo huyapati kwenye kioo cha simu. Ulikaa, ukatazama, ukachanganya rangi, ukatazama tena. Katika picha zote tatu, hiyo ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu hivi.

Ndiyo maana naona tatizo lako liko mahali tofauti na ulipoliweka. Unaniuliza kuhusu umri, cheti na mshahara. Mimi naona una wateja, lakini kazi yako mwenyewe bado hujaianza. Kunakili picha za watu ni ufundi halali, umekupa mazoezi na fedha, na wachoraji wengi wakubwa wameishi kwa oda. Ila ukiacha ajira leo, utatoka kwenye ukarani wa hesabu uende kwenye ukarani wa picha za simu. Oda zikikatika hutakuwa na kitu chochote mkononi, maana kila ulichochora kimekwenda nyumbani kwa mwenyewe.

Claude Monet alipokuwa kijana katika mji wa Le Havre huko Ufaransa, watu walimjua kwa vikaragosi. Alikuwa anawachora watu wa mji kwa mkaa, vichwa vikubwa na miili midogo, nao walimlipa. Angeweza kuendelea hivyo, soko lilikuwepo. Mchoraji aliyemzidi umri, Eugène Boudin, ndiye aliyemchukua wakaenda kupaka rangi nje, mbele ya bahari na mawingu yenyewe, na Monet alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Fedha za vikaragosi hazikupotea bure pia. Zilimsaidia alipokwenda Paris mwaka 1859 kujifunza. Nakutaka uzitazame oda zako kwa jicho hilo: ni fedha za safari.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa barua yako ya kuacha kazi, chora picha kumi au kumi na mbili ambazo hakuna aliyeziagiza, zote juu ya jambo moja. Chagua wewe. Inaweza kuwa vyombo vya nyumbani mahali mwanga unapoingia, maana umeshaonyesha unaupenda. Inaweza kuwa mwanao akiwa usingizini, au mikono ya watu wakiwa kazini. Zifanye ndogo, zisizozidi ukubwa wa karatasi mbili za kawaida zikiwekwa ubavu kwa ubavu, ili umalize moja kabla hujaichukia. Na zote zitoke kwenye kitu kilicho mbele yako. Kwa muda huo simu ikae chumba kingine.

Nasisitiza mfululizo kwa sababu picha moja nzuri yaweza kuwa bahati, na anayeandaa maonyesho analijua hilo. Akiziona kumi zinazozungumza lugha moja, anajua ana mtu mbele yake. Zaidi ya hapo, mfululizo utakufundisha wewe mwenyewe. Picha ya nne utagundua unarudia hila ile ile. Ya sita itakuchosha. Kuanzia ya saba utaanza kuona mambo ambayo hukuyaona ulipochora ya kwanza, na hapo ndipo mchoraji anapoanza kujijua.

Vincent van Gogh alikata shauri la kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, baada ya kupita kwenye uuzaji wa picha, ualimu na uhubiri. Michoro yake ya mwanzo ilikuwa migumu, watu wake wamekakamaa. Alipotaka kuchora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa, kazi aliyoikamilisha mwaka 1885, kwanza alipitisha majira ya baridi akichora vichwa vya wakulima kimoja kimoja, takriban 40, pamoja na mikono yao. Hakuna aliyemwagiza hata kimoja. Na usisahau kwamba miaka yote hiyo mdogo wake, Theo, ndiye aliyekuwa akimtumia fedha za kuishi na za rangi. Wanaokusimulia habari za wachoraji walioacha kila kitu na kufuata ndoto mara nyingi huruka sehemu hiyo ya Theo. Kwako wewe Theo ni mshahara wako.

Kuhusu umri sitakaa sana. Kabla ya kuwa mchoraji, Henri Matisse alikuwa karani wa sheria; alikuwa na miaka kama 20, anapona ugonjwa wa kidole tumbo, mama yake alipomletea sanduku la rangi la kumliwaza. Henri Rousseau alikuwa mtoza ushuru Paris, na alistaafu mwaka 1893 akiwa na miaka 49 ndipo akajitoa moja kwa moja kwa uchoraji. Paul Cézanne alipata maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mwaka 1895, ana miaka 56. Edward Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa amevuka 30, kwenye vipande vya hadibodi na kwa rangi za baiskeli, akafariki mwaka 1972, na ile miaka michache ilitosha kuzaa mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Una miaka 31. Tuendelee.

Swali la kusomea ni zito zaidi. Watu walipokwambia utotoni kwamba una kipaji hawakukudanganya, lakini walikuacha njiani. Kipaji cha mtoto ni hamu ya kuchora na jicho linaloshika umbo upesi. Baada ya hapo lazima pawe na mtu wa kukikosoa. Baba yake Pablo Picasso alikuwa mwalimu wa uchoraji na alimfundisha mwanawe tangu mdogo. Artemisia Gentileschi, aliyezaliwa Roma mwaka 1593, enzi ambazo wanawake walikuwa hawapokelewi kwenye mafunzo ya sanaa, alijifunza ndani ya karakana ya baba yake. Shule nzuri inakupa mambo manne: watu hai wa kuchora, walimu wa kukwambia ukweli, wenzako wa kushindana nao, na muda. Cheti chenyewe anayenunua picha hakiulizi. Ukipata nafasi ya kusoma, hata jioni au kozi fupi, nenda. Usipopata, hayo manne itabidi uyatafute mwenyewe, na kwa bidii.

Watu hai unao nyumbani. Mchore mume wako akisoma, nusu saa kila siku, kwa penseli au mkaa, bila kufuta. Kabla ya kugusa rangi, fanya mchoro mdogo wa rangi tatu tu, nyeupe, kijivu na nyeusi, uone kama mwanga na kivuli vinasimama. Picha isiyosimama kwa rangi tatu haitaokolewa na rangi thelathini. Tafuta wachoraji wenzako mkutane mara kwa mara mumchore mtu mmoja, mchangiane gharama za kumlipa. Na tafuta mtu mmoja anayejua kazi kuliko wewe, umwonyeshe picha zako, unyamaze akizungumza. Ndugu na marafiki hawawezi kufanya kazi hiyo. Wanakupenda, na picha inayofanana inawatosha.

Rangi nazo zina elimu yake, na hapa naona umejifundisha kwa kubahatisha. Umetumia rangi nyingi mno, bibi peke yake ana kijani aina tatu. Mchoraji wa Sweden, Anders Zorn, alisifika kwa kuchora ngozi za watu kwa rangi nne: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu ya vermilioni na nyeusi. Jaribu hizo nne kwa muda, nyekundu ikiwa ghali chukua ya kadimia isiyokolea, na nyeusi uitumie pale unapotaka buluu iliyopoa. Utashangaa.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kutoa maji. Mafuta ya kitani yaliyomo hufyonza oksijeni na kugeuka utando mgumu, na kazi hiyo huendelea miezi mingi baada ya juu kuonekana pakavu. Ndiyo maana kila tabaka la juu linatakiwa liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza na kupasuka. Ndiyo maana pia vanishi ya kawaida husubiri miezi 6 hadi 12. Akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji, usiipake juu ya rangi ya mafuta kabisa. Kinyume chake inawezekana.

Halafu kuna rangi zinazopauka. Kuta za chumba cha kulala ambacho Van Gogh alikichora huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888 leo tunaziona buluu. Watafiti wamebaini kwamba alizipaka zambarau, nyekundu iliyokuwemo ikafifia. Anayekununulia picha ya mama yake anataka wajukuu waikute. Paka mistari ya rangi zako zote kwenye kipande cha turubai, funika nusu yake kwa karatasi nene, kibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua, ukiache miezi kadhaa kisha ufunue. Rangi iliyopauka itupe, hata kama ni uipendayo kuliko zote.

Na jambo hili nakuomba ulifanye leo hii, kabla hata ya kumaliza kusoma. Unachora chumbani anakolala mtoto. Mvuke wa tapentaini si wa kuvutwa usiku kucha. Hamishia brashi mahali pengine penye hewa, au safisha brashi kwa mafuta kisha kwa sabuni uachane na tapentaini. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukaviweka kwenye kona au kikapuni: ile kazi ya kufyonza oksijeni hutoa joto, joto likikosa pa kutokea kitambaa kinaweza kuwaka moto chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Sasa kazi yako ya ofisini. Usiiache mwaka huu. Sikwambii hivyo kwa kukuogopea. Mwezi mmoja mzuri hauwezi kuwa kipimo. Nipe mwaka mzima ulioandikwa. Wewe ni mtu wa hesabu, na wachoraji wengi wangelipa kupata ujuzi huo. Fungua daftari. Andika kila tyubu, kila turubai, kila fremu, nauli ya kupeleka picha, na saa ulizokaa mbele ya kila picha, pamoja na zile za kujibu ujumbe wa wateja. Upande wa pili andika kilichoingia. Nadhani utakuta unajilipa kwa saa kiasi ambacho usingekubali kulipwa na mwajiri yeyote. Ukifika mahali ambapo mapato ya picha, ukiyatandaza mwaka mzima, yanafikia kama nusu ya mshahara, una akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita, na mfululizo wako wa kwanza umekwisha, hapo kaa na mumeo mzungumze. Kabla ya kuacha kabisa, omba kwanza kupunguziwa siku. Waajiri wengine hukubali.

Wakati huo huo punguza oda. Najua inauma, lakini usiku wako una saa chache, na zote umewauzia wengine. Pandisha bei, zitapungua zenyewe.

Bei haitazamwi usoni mwa mteja. Zidisha urefu kwa upana wa turubai, weka kiwango kwa kila sentimita ya mraba kinachofidia saa na vifaa kutokana na daftari lako, ongeza fremu, ndiyo bei. Picha ndogo ziwe na kiwango cha juu kidogo, maana uso mdogo haupunguzi kazi. Yenye watu wawili ongeza. Andika orodha hiyo na umwonyeshe kila mtu ile ile, awe jirani au mgeni. Usipandishe bei ya picha kwa sababu wewe unaipenda. Na ujue mapema kwamba nyumba ya sanaa ikikuuzia, mara nyingi huchukua hadi nusu. Kwa hiyo bei yako ya nyumbani isije ikawa chini ya ile ya kwao, watakuona unawahujumu.

Yule aliyekutesa alikuta mlango wazi. Kuanzia sasa oda ianze na karatasi: vipimo, idadi ya watu, tarehe, bei, nusu ya malipo kabla ya kugusa brashi, na kwamba nusu hiyo hairudishwi kazi ikishaanza. Kisha mpelekee mchoro wa penseli auidhinishe, na baadaye picha ikiwa katikati. Anayesema haifanani aseme hapo, wakati bado inarekebishika. Muulize pia nani aliyepiga picha anayokutumia. Ikiwa ni mpiga picha wa kulipwa, ana haki yake. Na andika nani ana haki ya kutoa nakala, kwa sababu katika nchi nyingi kuuza turubai hakumaanishi kuuza na haki hiyo, lakini kwa kazi za kuagizwa sheria zinatofautiana. Yule mteja aliyekataa picha ya mama yake mwandikie mara moja, kwa adabu: uko tayari kuirekebisha akilipa nusu. Asipojibu, usimfuate tena, ila picha ya marehemu usiionyeshe hadharani bila ridhaa ya familia.

Baba yako usibishane naye. Alilipa ada kwa jasho lake na anaogopa uje kuhangaika. Hofu hiyo ni ya haki. Mwalike aje akae kitini, umchore. Si kwa simu, yeye mwenyewe, mbele yako, kila wiki saa moja, mpaka picha iishe. Ataona jinsi unavyotazama, unavyofuta, unavyorudia, na ataelewa kwamba hii ni kazi inayochosha mwili. Ukimaliza mwonyeshe na daftari. Wazazi waliopenda hesabu hulainika wakiona tarakimu, na hata asipolainika, utakuwa na picha ya baba yako iliyochorwa kwa macho yako.

Weka nakala ya kila kazi kuanzia sasa: ipige picha mchana, karibu na dirisha, bila flashi, turubai ikiwa wima na simu ikiwa usawa wa katikati yake. Nyuma ya turubai andika jina lako, jina la picha, vipimo, aina ya rangi na mwaka. Picha tano za mfululizo zikiwa tayari, nitumie zote kwa pamoja, pamoja na ile uliyoona imeshindikana. Hiyo ndiyo nitakayoanza nayo.